Kona ya Bati Iliyopanda Mto

Kazi yangu ni kuchelewesha. Sitanii. Mama alipouliza kwa mara ya kwanza ni nini hasa ninachofanya kutwa nzima kwenye kile chumba nyuma ya chuo cha ufundi, hapa Makiso, nilimjibu kwamba ninatengeneza sakiti za kuchelewesha mawimbi ya rada. Aliweka chini sahani ya lituma, zile ndizi zetu za kuponda, akanitazama kama anayemtazama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Masomo yote ile, juu ya kuchelewesha?" akasema. "Si ungekaa tu hapa nyumbani, batu ya huu muji wangekufundisha bure."

Ningependa kuandika kwamba nilicheka. Nilinuna, nikala lituma yangu nimempa mgongo, kisha nikamwomba aniongeze.

Acha nieleze mapema ili tusisumbuane mbele ya safari. Antena yetu haizunguki. Ni ubao mpana kama mlango, umepangwa vipande vya shaba kwa mstari, na kila kipande kinatoa wimbi lake. Vyote vikitoa kwa pamoja, nguvu inakwenda mbele moja kwa moja. Lakini ukikichelewesha cha pili kidogo, cha tatu kidogo zaidi, cha nne zaidi tena, nguvu yote inapinda na kuangalia pembeni, na antena yenyewe haijatikisika hata kidogo. Wanaopiga makasia wanalijua jambo hili bila kwenda shule: upande mmoja ukichelewa, pua ya mtumbwi inageuka na hakuna aliyeigusa.

Ucheleweshaji unatoka kwenye njia. Nyuma ya kila kipande nimechora njia za shaba, fupi na ndefu, na diodi ndogo zinazofunga hii na kufungua ile. Wimbi lililopitishwa njia ndefu linafika limechelewa, basi, hakuna uchawi zaidi ya huo. Ugumu ni kwamba wimbi letu zima halizidi kiungo kimoja cha kidole gumba. Ukikosea kwa unene wa ukucha, rada inaangalia kwa jirani.

Na tulikuwa tunakosea, kwa sababu hatuna kiwanda. Tuna kisu, rula ya chuma, beseni la plastiki lenye dawa inayokula shaba, na mwenzangu. Mwenzangu ni mtu wa Maniema, anaswali kwa wakati na anafanya mambo mengine yote nje ya wakati. Yeye hushughulika na kompyuta, mimi na shaba. Alikuwa na tabia ya kusimama nyuma yangu nikiwa ninakata na kuvuta pumzi kwa sauti, kama daktari anayeangalia picha mbaya ya mapafu. Nilimwambia siku moja nitamkata yeye.

Rada ilikuwa ya nini? Ya ukungu. Asubuhi nyingine ukungu unalala juu ya mto mpaka aliyekaa nyuma ya mtumbwi haoni aliyekaa mbele. Mitumbwi inavuka kwenda Lubunga, ng'ambo yetu, baleinière, zile boti kubwa za mbao, zinashuka zimejaa watu, magunia na mbuzi, na kila mmoja anapiga kelele akiomba Mungu asigongwe. Tulitaka kusimika mlingoti kwenye kivuko, na kioo kidogo chini yake kinachoonyesha ni nini kinakuja na kiko wapi. Mkuu wa chuo alitupa chumba kwa sharti moja: waendesha mitumbwi waje waone, na wakubali. Wakikubali, tunabaki, na mlingoti unasimama. Wakikataa, chumba kinakuwa stoo ya saruji. Hakutuficha kwamba saruji ilishaagizwa. Kila akipita mlangoni alipima kuta kwa macho.

Mwenyekiti wa waendesha mitumbwi alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya chini sana, na tulipokwenda kumweleza alikuwa na swali moja tu.

"Bon. Hii mashine inaweza kuona ni nani anaingia kwa bibi ya nani?"

"Hapana, papa. Inaona vyombo tu, na vitu vya chuma."

"Aa," akasema, na mpaka leo sijui kama alifurahi au alisikitika. Alituahidi kuja mvua zikipungua.

Sasa, rada inayojifunza kuona inahitaji kitu cha kuangalia ambacho mahali pake panajulikana. Tuliunganisha mabati matatu yakawa kama kona ya chumba, sakafu na kuta mbili. Kona ya namna hiyo ina heshima kuliko watu wengi ninaowajua: wimbi likiingia, linarudishwa kulekule lilikotoka. Kwenye kioo chetu ilikuwa inawaka kuliko paa zote za Lubunga. Tukaivusha kwa mtumbwi na kuifunga kwenye nguzo pale vyombo vinapotia nanga, ng'ambo ya pili, mdomo wake ukitutazama. Kwa macho hatukuiona, mto ni mpana na ng'ambo kumejaa mabati. Lakini mahali pake tulipajua, na kwenye kompyuta mwenzangu alichora duara jekundu pale ilipotakiwa kuonekana.

Kitu cha bati kikiachwa peke yake Lubunga kinageuka paa la choo kabla jogoo hajawika. Kwa hiyo nilimpa tonton ailinde. Tonton ni ndugu mdogo wa mama, mtu wa Yanonge, aliyeshika usukani wa baleinière mpaka mgongo ukamkatalia. Alifiwa na mkewe zamani, akahamia Lubunga na kulima mihogo yake, na alikuwa amezoea kukaa kimya. Nilipomwomba alinde kona alivaa shati la ukosi siku hiyohiyo. Alikaa chini ya nguzo na redio yake, na mtu akisogea alimwambia, "Kaa mbali, hii iko kazi ya mutoto yangu."

Kila siku baada ya kupima nilimpigia simu kumpa habari. Si kwamba ilikuwa lazima. Niliona ni adabu, mtu ameshinda juani kwa ajili yangu, angalau ajue tumefika wapi.

Siku ya kwanza kona ilionekana, tukarukaruka, kisha tukaangalia vizuri. Nukta haikuwa ndani ya duara jekundu. Ilikuwa juu yake kidogo, kuelekea mto unakotoka, kwa upana wa parcelle moja, yaani kiwanja kimoja cha nyumba.

"Namna gani?" tonton aliuliza kwenye simu.

"Inakuona, tonton, lakini inakuona vibaya. Inasema uko parcelle moja upande wa juu ya mto."

"Ni mubaya sana?"

"Mubaya kabisa. Batu ya kivuko wakikuya wakaona vile, watatufukuza."

"Eh," akasema. "Usilie. Kesho itakuwa muzuri."

Nilikaa na kibao changu, nikahesabu ni kiasi gani njia zangu zilikuwa zinadanganya, nikakata vipande vidogo vya shaba na kuvilehemu kuongeza urefu hapa na pale. Kazi safi. Hata mwenzangu hakuvuta pumzi. Kesho yake tukapima tena: parcelle moja upande wa juu. Palepale. Kama vile sikugusa kitu.

Nikampigia tonton. "Bado, tonton. Bado inasema parcelle moja juu."

"Bado?" Alishangaa kweli. "Basi, ngoja. Kesho."

Nililehemu tena, mara hii kwa nguvu zaidi. Parcelle moja juu. Nikamshutumu mwenzangu kwamba programu yake ndiyo mbovu. Akanishutumu mimi kwamba nimepima kwa rula ya mtoto wa shule. Tukashutumu unyevu, kwa sababu huku hewa yenyewe unaweza kuikamua, na vibao vinakunywa maji. Tukafunga kibao ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na mchele wa kunyonya unyevu. Mwenzangu alisema yeye anajua sasa tatizo ni nini: mtu fulani anatuonea wivu. Nilimuuliza ni nani duniani anayeweza kuonea wivu beseni la plastiki.

Nilianza kuwa mtu mbaya. Nawaambia ukweli, kosa linalohama halinitishi, nalifukuza mpaka nalikamata. Lakini kosa linalokaa palepale hata ukilikata, hata ukiliongezea shaba, linakutazama tu kwa upole, hilo linakutoa roho. Nilimfokea mwenye toleka aliyenibeba kwa baiskeli yake eti anaendesha kwa kupinda. Nilimfokea mama. Mama alisema ni haki yangu, nimesomea kuchelewesha, sasa ninalipwa.

Kisha, baada ya kulehemu kwa mara nyingine, bila matumaini yoyote, tukawasha mashine na nukta ikatua katikati ya duara jekundu. Katikati kabisa, kama yai kwenye kiota.

Mwenzangu alipiga yowe. Mimi nilikaa chini sakafuni. Tulizima, tukawasha, bado iko ndani. Nikampigia tonton kwa furaha mpaka simu nusura inianguke.

"Tonton! Iko mahali yake! Kabisa kabisa!"

"Ah," akasema, na nyuma ya sauti yake nikasikia mwanamke anacheka na kijiko kinagonga sufuria. "Unaona? Nilikuambia. Donc sasa inaweza kukaa?"

"Ikae, tonton! Isitikisike!"

"Muzuri," akasema. "Muzuri sana." Sikumbuki kumsikia akiwa na furaha namna hiyo tangu msiba wake, na moyoni nilijisifu kwamba rada yangu ndiyo iliyomfurahisha.

Tulikula mbinzo, wale viwavi wa kukaanga, na kwanga ya muhogo kusherehekea, tukaenda kulala kama mabingwa. Asubuhi yake baleinière moja ilikuwa imetia nanga ng'ambo, pale kwenye nguzo yetu, kubwa kiasi kwamba tuliiona kwa macho tukiwa mlangoni. Mwenzangu akasema tuiangalie na rada, kwa raha tu. Tukaiangalia. Rada ikatuambia kwamba kona ipo mahali pake, na kwamba baleinière ipo parcelle tatu upande wa chini wa mto, juu ya nchi kavu, katikati ya shamba la mihogo.

Mwenzangu alitazama kioo, akatazama nje, akatazama kioo.

"Bati na chombo viko pamoja," akasema polepole. "Alors, namna gani mashine inaviona mbali?"

Hapo ndipo kichwa kilipowaka moto. Nilishuka mpaka kivukoni na kupanda mtumbwi wa kwanza niliouona.

Kwenye nguzo hapakuwa na kitu. Kamba tu, imefungwa vizuri, fundo la watu wa mto. Nilisimama nikaiangalia ile kamba, na nilikuwa tayari kumpiga mtu, yeyote. Kisha mwanamke aliyekuwa anafua akaniuliza kama ninaitafuta ile bati ya papa, yaani tonton. Akanyoosha kidole upande wa juu. Katika parcelle iliyofuata, mzee mmoja akaniambia, ndiyo, ilikaa kwake siku moja, papa alileta samaki kuomba ruhusa, kisha akaiondoa. Kwenye parcelle ya pili wakaniambia hivyohivyo, isipokuwa wao walipewa chumvi. Mkono mtupu haulambwi, na tonton analijua hilo kuliko mtu yeyote.

Katika ile ya tatu nilimkuta. Kona ilikuwa imesimama uani, inatazama Makiso kama askari. Tonton alikuwa amekaa kando yake kwenye kiti chenye mto wa kuegemea. Alikuwa amenyoa ndevu. Shati la ukosi lilikuwa limepigwa pasi, na si yeye aliyelipiga pasi, hilo naapa. Mbele yake palikuwa na sahani, na mbele ya jiko palikuwa na mama mmoja mjane, mwenye nyumba, anayepikia abiria wa treni inayoanzia hapo Lubunga samaki na lituma. Alinikaribisha kwa upole mwingi.

"Tonton," nikasema, "hii bati inafanya nini hapa?"

"Bon. Kaa kwanza. Umekunywa maji?"

"Tonton!"

Akajifuta mdomo. "Si weye ulisema mashine inaiona kwa parcelle ya juu? Nikasema, kama mutoto yangu iko na kosa, mie nitaachaje batu wamuchekelee? Nikaipeleka kwa parcelle ya juu. Nikajua umetoka katika aibu. Kesho ukasema tena, juu. Nikapeleka tena. Nikasema, hii mashine inapenda kupanda muto."

Niliona yote kwa mara moja. Nilipokuwa ninasahihisha mashine ifuate kona, yeye alikuwa anasahihisha kona ifuate mashine. Usahihisho wangu wa kwanza kabisa ulikuwa sawa, na yeye aliuharibu kwa upendo asubuhi iliyofuata, kisha mimi nikaharibu zaidi, naye akanifuata. Tungeweza kuendelea hivyo mpaka Isangi, mji ulio upande wa chini wa mto, upate pacha upande wa juu. Na ile siku tuliyokula mbinzo, rada ilikuwa imepotoka kuliko siku zote. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilitaka kulia, nikajikuta ninacheka, na kicheko kikageuka hasira tena kabla sijakimaliza.

"Na hapa uliacha juu ya nini? Juu ya nini haukuendelea kupanda?"

Tonton aliangalia upande wa jiko, akaangalia mto, akaangalia ndani ya kona. "Kuku," akasema.

Nikachungulia. Kweli, ndani ya kona yangu, kwenye makutano ya mabati matatu niliyoyapima kwa siku nzima, kuku alikuwa amelalia mayai.

"Haiwezekani kuhamisha," tonton akasema kwa uso mkavu. "Iko juu ya mayayi."

"Kuku atahama na kikapu, tonton."

"Kuku ya hapa hapendi kikapu."

Yule mama alikuwa ametupa mgongo, anakoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Ndipo nilipomtazama tonton vizuri. Bati ikirudi kwenye nguzo, yeye atarudi kukaa chini ya nguzo na redio yake, na hatakuwa na sababu hata moja ya kuingia katika ua huu kila asubuhi. Mtu wa umri wake haendi tu kukaa kwa mama wa watu. Lazima awe na kazi. Kazi yake ilikuwa kona yangu. Niliona huruma mpaka nikakasirika kwamba ninaona huruma.

Na kwa kweli nilihitaji nini? Rada yetu haikulazimishwa kuangalia nguzo. Kazi yangu yote ni kuifanya iangalie pembeni bila kugeuza shingo. Tulichukua kamba, mimi na tonton, tukapima kutoka kwenye nguzo mpaka uani, na yule mama akatushikia ncha. Nilikula sahani mbili, nikavuka.

Kazi nzuri kuliko zote nilizofanya msimu ule ilikuwa ya kubandua. Nilishika chuma cha kulehemu nikaondoa vipande vyangu vyote vya shaba, kimoja baada ya kingine, nikabakiza vile vya kwanza tu. Mwenzangu alihamisha duara jekundu mpaka kwenye ua wa mama mjane. Tukawasha. Kona ndani ya duara, baleinière kwenye nguzo, shamba la mihogo tupu. Tulishikana mikono kwa adabu kama watu waliogombana na hawataki kulizungumzia.

Mvua zilipungua, na mwenyekiti akaja na wenzake. Walijaa chumbani na mabuti ya tope. Mkuu wa chuo alisimama nyuma, karibu na ukuta alioupima mara nyingi. Tulionyesha mitumbwi inavyovuka, na wakaitambua mmoja mmoja kwa mwendo wake, wakachangamka. Kisha tukaonyesha kona.

"Iko wapi?" mwenyekiti akauliza kwa ile sauti yake ya chini.

"Kwa parcelle ya tatu, papa, kupanda muto."

"Na weye ulijuaje?"

"Mashine inasema."

"Weye ulifika kule. Ulipima na kamba, batu walikuona." Akatabasamu kwa wenzake. "Kama mie ninajua kuku yangu iko wapi, sihitaji mashine ya kuniambia. Waitoe pale, waipeleke fasi weye haujui. Kama mashine inaiona, sisi tunachimba shimo ya mulingoti leo."

Ilikuwa haki, na nilikubali kwa furaha. Alimjua tonton tangu enzi za usukani. Akampigia simu yake mwenyewe, akaongeza sauti ili wote wasikie, akaniamuru ninyamaze.

"Papa, beba ile bati, uipeleke fasi ingine. Usiseme ni wapi."

"Fasi ingine? Mutoto anajua?"

"Asijue. Ndiyo mutihani yake."

"Bon," akasema tonton. "Ninabeba."

Tulisubiri. Nukta ilikuwa inawaka pale uani. Mwenzangu alikaza macho kwenye kioo, jasho likamteremka shingoni. Kuku hajahama na kikapu, niliwaza. Wape muda.

"Imefika," simu ikasema.

"Iko fasi mupya?"

"Iko fasi mupya. Mbali kabisa."

Nukta haikusogea. Ilikuwa palepale, parcelle ya tatu, inawaka bila aibu. Nilijua mara moja. Nilimwona kama vile niko mbele yake, kwenye kile kiti chenye mto, ananisaidia. Kama kona ikienda asikojua, mutoto atashindwa mbele ya watu, kwa hiyo iache anakojua, na useme imehama. Mara zote hizo alikuwa ananiokoa, na sasa alikuwa ananizika.

"Alors?" mwenyekiti akaniuliza. "Mashine inasema iko wapi?"

Waliniangalia wote. Mkuu wa chuo alikwishageuka kuuangalia mlango, nadhani akipima kama gunia la saruji litapita. Ningesema nini? Nikisema rada imekosea, basi ni stoo, na ukungu utaendelea kama zamani, na watu watavuka kwa kupiga kelele. Nikisema rada iko sawa, ninamwita ndugu ya mama yangu mwongo, mbele ya watu wa mto wote, watu aliokula nao miaka yote, na simu iko wazi ananisikia. Kwetu hilo halifanyiki. Mtu anaweza kukosana na ukoo mzima kwa neno dogo kuliko hilo. Niliona aibu kabla hata sijasema.

"Kona haijahama," nikasema.

Mwenyekiti akasogeza simu karibu na uso wangu.

"Unasema tonton yako anadanganya?"

"Ninasema kona haijahama, papa. Iko palepale."

Nilisikia pumzi ya tonton kwenye simu, na nikajua kwamba nimemvunja, yeye aliyenivalia shati na kushinda juani kwa ajili yangu. Nilitamani dawa ya beseni inile mimi badala ya shaba. Kisha kukawa na purukushani, simu ikabadilisha mkono, na ikaja sauti ya mwanamke, kavu, ya mtu aliyezoea kuita abiria wa treni.

"Ni nani anasema haijahama?"

"Mutoto ya dada yake," mwenyekiti akajibu. "Na mashine."

"Basi, wote wawili wanasema kweli. Bati iko hapa kwangu. Na huyu papa naye iko hapa kwangu. Hakuna mwenye atatoka."

Wale watu wa mitumbwi wakalipuka, wakapiga meza, wakapigana mabega, mmoja akatoka nje kwenda kucheka vizuri. Mwenzangu alikuwa ameficha uso kwenye kompyuta. Katikati ya zile kelele nikamsikia tonton, mbali kidogo na simu, anakohoa. Hakubisha. Akasema tu, "Mwambieni ule mutoto, mashine yake iko na mudomo sana."

Mwenyekiti alijipangusa machozi, akafunga simu, akaniuliza shimo la mlingoti tunalitaka wapi. Nilimwonyesha kwa kidole, kisha nikamtangulia kushuka kivukoni.